Mbwa wa Sleji: Hatari Huanza Kazi Inapokwisha

Kila mwaka, Machi ikiingia, mamia ya mbwa hufungwa mikanda mjini Anchorage, Alaska, wakapangwa wawili wawili mbele ya sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, na ugomvi uleule huanza upya. Watetezi wa wanyama husema mbio za Iditarod, mwendo wa takriban kilomita 1,600 hadi mji wa Nome kwenye pwani ya magharibi, ni mateso yaliyovikwa joho la utamaduni. Wafugaji na mashabiki hujibu kwamba mbwa hawa wamezaliwa ili wakimbie. Mfungie mmoja bandani wakati wenzake wanaondoka ndipo utajua ukatili ni nini. Mwaka 2024 mbwa watatu walikufa njiani. Kelele zikapanda kuliko kawaida, kisha theluji ikayeyuka na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Mimi naona pande zote mbili zimeikodolea macho kamba. Anavuta kwa kupenda au kwa kulazimishwa? Swali ni halali, na majibu yapo. Lakini ukipitia historia ya mbwa hawa kutoka Siberia hadi Greenland utakutana na jambo ambalo mabango ya Anchorage hayaligusi: mara nyingi walipouawa kwa makundi, hawakuwa wakivuta chochote. Walikuwa wamekosa kazi, au kuna mtu aliyekuwa ameamua kwamba kazi yao imekwisha.

Hilo la kuvuta tulimalize kwanza.

Mbwa wa mbio wa Alaska hafanani na yule wa kwenye kalenda, mwenye macho ya bluu na manyoya mazito. Wengi wana uzito wa kilo 20 hadi 25, miguu mirefu, kiuno kilichobana, rangi yoyote ile. Ukimkuta mtaani unaweza kudhani ni koko. Vyama vya ufugaji havimtambui kama uzao rasmi, na wanaomfuga hawajali. Wao huangalia nyayo, mwendo na hamu ya kula, maana mbwa anayesusa chakula katikati ya safari hafiki.

Na chakula chenyewe ni kingi. Kwenye mbio ndefu mbwa mmoja huchoma kilokalori 10,000 kwa siku na zaidi, ilhali mtu mzima wa kawaida anatosheka na 2,500. Kwa kila kilo ya mwili, uwezo wake wa kutumia oksijeni unazidi mara mbili ule wa wakimbiaji bora wa marathoni, wa Iten wakiwemo. Michael Davis wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, daktari wa mifugo aliyewachunguza kwa miaka mingi, alionyesha kwamba siku ya kwanza misuli yao huishiwa akiba ya sukari kama misuli ya mwanariadha yeyote. Siku chache baadaye, kwa kazi ileile, mwili hubadili mtindo: huegemea mafuta, na ile akiba haiporomoki tena. Binadamu akikimbizwa hivyo kila siku, kila siku huamka amechoka zaidi.

Uwezo huo ni wa kale. Mwaka 2020 watafiti walichapisha uchambuzi wa vinasaba vya mbwa aliyeishi miaka 9,500 iliyopita katika kisiwa cha Zhokhov, kaskazini mwa Siberia, mahali ambapo waakiolojia wamefukua pia vipande vya sleji. Ndugu zake wa karibu walio hai leo ni mbwa wa sleji, wa Greenland hasa. Mbwa wengi duniani, kwa kuishi na wakulima, walijenga uwezo wa kumeng'enya wanga. Hawa wa baridi walibaki na mwili wa kuishi kwa mafuta.

Kwa hiyo anayesema mbwa huyu anapenda kazi hasemi uongo. Sleji hufungwa kwenye gari au mti kabla ya kuondoka, kwa sababu mbwa wakishavaa mikanda hawangoji ruhusa. Lakini Davis huyohuyo na wenzake walipopitisha kamera tumboni mwa mbwa waliomaliza Iditarod, karibu nusu walikutwa na vidonda au michubuko ya tumbo. Kupenda kukimbia hakumkingi na madhara ya kukimbia. Ndiyo maana sheria za mbio hizo zinadai vipimo vya damu na moyo kabla ya kuanza, pumziko moja la saa 24 na mawili ya saa 8, na viatu vya kitambaa vya kulinda nyayo. Zinaweza kukazwa zaidi, na wanaodai zikazwe nawaunga mkono. Tusonge.

Mababu wa Wainuit, wenyeji wa Aktiki, walipoenea kutoka Alaska kuelekea mashariki, kama miaka elfu moja iliyopita, walivuka kaskazini ya Kanada hadi Greenland wakiwa na sleji na mbwa. Alaska njia hupita msituni, ndiyo maana mbwa hufungwa wawili wawili. Kwenye barafu ya bahari hakuna mti wa kukwepa. Huko kila mbwa ana kamba yake, na kundi zima hutawanyika mbele ya sleji, kila mmoja akitafuta pake pa kukanyaga. Barafu ikiwa nyembamba, uzito umegawanyika; ikikatika, huenda akazama mmoja tu.

Anayeongoza kundi huthaminiwa kwa utiifu, lakini huthaminiwa zaidi kwa kujua wakati wa kukataa. Mwindaji anaamuru twende, mbwa anasimama, kwa sababu amehisi kwamba barafu ya mbele haibebi. Pikipiki ya theluji haina tabia hiyo. Ukiielekeza kwenye barafu mbovu itakupeleka huko kwa mwendo uleule uliotaka.

Hapo ndipo ulipokuwa ulinzi wa zamani wa mbwa hawa, ambao haukuandikwa na bunge lolote. Mwindaji wa Qaanaaq, kaskazini mwa Greenland, anayewapunja mbwa wake nyama ya sili mwezi Novemba atakwama nao barafuni mwezi Februari, mbali na nyumbani, na atakayeteseka ni yeye na watoto wake. Mwenye punda Lamu hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Si kwamba kulikuwa na huruma nyingi. Mjeledi ulikuwepo, na mbwa mzee aliyeshindwa kuvuta kwa kawaida alipigwa risasi, maana katika nchi isiyo na shamba kila mdomo hulishwa kwa kilichowindwa. Ulikuwa mkataba mgumu, lakini pande zote mbili zilikuwa na cha kupoteza.

Aliyeufikisha mkataba huo mwisho wake ni Roald Amundsen wa Norwei. Oktoba 1911 aliondoka kambini kwake, ukingoni mwa Antaktiki, na wenzake wanne, sleji nne na mbwa 52. Kabla ya kuanza safari alikuwa ameshapanga ni mbwa wangapi watauawa na wapi, ili wawe chakula cha wenzao na cha watu. Walipomaliza kupanda mto wa barafu wa Axel Heiberg wakawapiga risasi 24, na mahali pale wakapaita Bucha. Tarehe 14 Desemba wakafika Ncha ya Kusini. Januari 25, 1912, wakarudi kambini watu wote watano, na mbwa 11. Robert Scott, aliyewarudisha mbwa wake njiani na kuvuta sleji kwa mabega ya watu, alifika Nchani mwezi mmoja na siku tatu baada ya Amundsen. Yeye na wenzake wanne hawakurudi kabisa.

Sioni raha kusoma habari za Bucha. Hata hivyo nakiri kwamba Amundsen alijua anachofanya na alikiandika mwenyewe, bila kuficha. Nawapima kwa kipimo hicho waliokuja baada yake.

Chukua Nome. Januari 1925 ugonjwa wa dondakoo ulianza kuua watoto katika mji huo, bandari imefungwa na barafu, ndege zilizokuwepo haziaminiki katika baridi ile. Kingasumu ilisafirishwa kwa treni hadi Nenana. Kutoka hapo waendeshaji 20 na mbwa wapatao 150 wakapokezana kilomita 1,085 kwa siku tano na nusu, wengine wakipita kwenye baridi ya nyuzi 40 na zaidi chini ya sifuri. Wengi wa waendeshaji hao walikuwa wenyeji wa Alaska, na magazeti ya wakati huo hayakuwajali sana. Yaliyemtaka yalimpata: mbwa Balto, aliyeongoza kundi la mwisho kwa kilomita 85 na kuingia mjini alfajiri ya Februari 2. Togo, aliyekuwa na umri wa miaka 12 na ambaye safari yake ya kwenda na kurudi na mwendeshaji wake, Leonhard Seppala, ilifikia kama kilomita 420, alibaki kivulini.

Watu hupenda kulalamikia sanamu ya Balto: kwa nini yeye, si Togo. Mimi linanikera jambo jingine. Sanamu ya Balto ilizinduliwa Central Park, New York, Desemba 1925, mwenyewe akiwepo. Mwaka 1927 mfanyabiashara mmoja wa Cleveland, George Kimble, alimkuta Los Angeles pamoja na wenzake sita, wamedhoofu, wakionyeshwa kwa senti katika ukumbi wa maajabu. Wakazi wa Cleveland, watoto wa shule wakiwemo, walichanga dola 2,000 wakamnunua, akaishi kwenye bustani ya wanyama ya mji huo hadi alipokufa mwaka 1933. Theluji ya Alaska haikumdhoofisha mbwa yule. Alidhoofika mahali ambapo hakuna aliyehitaji avute, akiwa amebaki kuwa kitu cha kutazamwa, na kiingilio kikizidi kupungua.

Kanada ndiko jambo hili lilikofikia ubaya wake.

Katika miaka ya 1950 na 1960 serikali ya Kanada iliwatoa Wainuit kwenye kambi zao za uwindaji ili waishi kwenye makazi yenye shule, zahanati na kituo cha polisi. Wengine walifuata watoto waliopelekwa shule, wengine walifuata matibabu, wengine waliambiwa posho haitatolewa kwingine. Familia ilihama na mbwa wake. Kambini mbwa waliachwa huru kwa muda mrefu, maana mbwa wa sleji anayekaa kwenye mnyororo bila kazi hupoteza nguvu na kupata hasira. Makazini walikuta sheria ya mbwa iliyotungwa na watu wa kusini: mbwa afungwe, na anayezurura anaweza kupigwa risasi. Iliandikwa kwa Kiingereza, kwa watu wanaozungumza Kiinuktituti, na wengi hawakuelezwa ina maana gani kwao. Polisi walipiga risasi. Kuna waliotoka asubuhi kwa shughuli zao wakarudi wakakuta kundi lote limekufa penye sleji.

Polisi walikuwa na hoja, na si za kubuni. Distempa, ugonjwa wa mbwa unaoambukiza, na kichaa cha mbwa vilikuwepo, na mbwa wenye njaa walishambulia watu, watoto hasa. Ila ukiua mbwa wa mwindaji umemfungia mlango. Hawezi kurudi kambini na hawezi kufika walipo sili. Atangoja nini ila posho? Kisha, kuanzia miaka ya 1960, ikaja pikipiki ya theluji, inayohitaji pesa ya kuinunua, petroli ya kuiendesha, vipuri vya kuagiza kutoka mbali. Kundi la mbwa lilikula alichokamata mwindaji, tena lilizaana.

Mwaka 2006 polisi wa Kanada walijichunguza wakaona hawana kosa. Wainuit wa mkoa wa Qikiqtani wakaunda tume yao wenyewe, Tume ya Ukweli ya Qikiqtani, ikasikiliza mashahidi mamia na kutoa ripoti mwaka 2010. Agosti 2019 serikali ya shirikisho iliomba radhi mjini Iqaluit. Upande wa Nunavik, kaskazini mwa Quebec, jaji mstaafu Jean-Jacques Croteau alichunguza na ripoti yake ya 2010 ikataja mbwa zaidi ya 1,000 waliouawa. Serikali ya Quebec ikatoa dola milioni 3 za Kanada mwaka uliofuata, na serikali ya shirikisho ikaomba radhi Novemba 2024 pamoja na fidia ya dola milioni 45. Wengi wa waliopotezewa mbwa walikuwa wameshakufa.

Nimerefusha habari ya Kanada kwa sababu inawasumbua sawasawa wote wanaogombana Anchorage. Hakuna mbwa aliyekuwa akilazimishwa kuvuta, na hakuna aliyekuwa akilindwa ili avute. Kulikuwa na sheria ya usalama iliyoandikwa na watu wasiojua mbwa ni kitu gani kwa mwenye mbwa.

Greenland mambo yamekwenda taratibu zaidi. Kaskazini mwa Mzingo wa Aktiki na upande wote wa mashariki, sheria hairuhusu mbwa wa uzao mwingine, na mbwa wa Greenland aliyetolewa eneo hilo haruhusiwi kurudi. Uzao umelindwa, lakini idadi imeshuka karibu nusu tangu mwanzoni mwa karne hii, hadi kama 15,000. Maradhi yamechangia, pikipiki zimechangia, na barafu ya bahari inachelewa kuganda na kuwahi kukatika. Mwindaji anayepata wiki chache za kusafiri bado anapaswa kulisha mbwa wake mwaka mzima. Mwaka 2019 picha iliyopigwa na Steffen Olsen wa Taasisi ya Hali ya Hewa ya Denmark ilizunguka duniani: mbwa wakivuta sleji huku maji yamewafika miguuni, utadhani wanatembea juu ya ziwa. Chini ya maji yale barafu ilikuwa bado nene. Wenye mbwa walijua hivyo. Sisi tuliokuwa tukisambaza picha ndio tulioogopa.

Panapobaki kazi ya kweli, mbwa bado wapo. Doria ya Sirius ya jeshi la Denmark, iliyotokana na doria iliyoanzishwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kuwasaka Wajerumani waliojenga vituo vya hali ya hewa, hulinda kaskazini-mashariki mwa Greenland kwa askari wawili wawili na kundi la mbwa kumi na kitu, miezi kadhaa mfululizo. Januari 2025 Rais Donald Trump aliikejeli Denmark kwamba ulinzi wake wa kisiwa kile ni sleji mbili za mbwa ilizoongeza. Wengi wakacheka. Lakini eneo lile ni kubwa kuliko Tanzania, halina barabara, halina fundi, na injini ikifa huko umekwisha. Mbwa mmoja akiumia, wapo wengine kumi wa kukufikisha kibandani. Mzaha wa Rais ulikuwa mzuri. Ushauri wa usafiri haukuwamo.

Kwingineko kazi iliyobaki ni mbili: mbio na utalii. Njia ya mwisho ya posta kwa mbwa Alaska ilifungwa mwaka 1963, na Iditarod ilianzishwa mwaka 1973 na Joe Redington, ambaye aliona vijijini mbwa wanatoweka na pikipiki, ambazo kule huitwa mbwa wa chuma, zinachukua nafasi. Kwa lengo hilo alifaulu. Lakini mbio zimegeuka: mshindi wa kwanza alitumia siku 20, leo washindi hutumia nane hadi kumi, na mbwa wanazalishwa kwa ajili ya kasi. Theluji nayo imeanza kuwa na miadi mibovu. Mwaka 2003, 2015, 2017 na 2025 mwanzo wa mbio ulihamishiwa Fairbanks kwa sababu njia ya kawaida haikupitika.

Utalii ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa pale ule mkataba wa zamani umekufa kabisa. Mtalii anapanda nusu saa, anapiga picha, anaondoka. Mbwa akidhoofika, mtalii hapotezi kitu, na mwenye biashara anapoteza kidogo, kama yupo mbwa mwingine wa kufunga kamba. Februari 2010 michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika Vancouver na Whistler, na biashara ya sleji ikanona. Miezi miwili baadaye wateja walikuwa wamepungua, na katika kampuni moja ya Whistler mbwa wakauawa kwa bunduki na kisu, wakazikwa pamoja. Ilijulikana mwaka 2011, tena kwa njia ya ajabu: mfanyakazi aliyewaua alikuwa amedai fidia kwa maradhi ya akili aliyoyapata kwa kazi ile. Wachunguzi walifukua mizoga zaidi ya 50. Kilichokwisha ni msimu.

Mkoa wa British Columbia ukatunga kanuni mwaka 2012, zinazogusa maisha yote ya mbwa wa sleji, si saa anazovuta tu. Nadhani hapo ndipo sheria za aina hii zinapopaswa kuanzia kila mahali, Norwei, Finland na Alaska yenyewe: banda kabla ya njia, Julai kabla ya Machi. Wanaotaka Iditarod ipigwe marufuku kesho nao wana deni la kueleza mbwa waliopo mabandani wataenda wapi keshokutwa, kwa kuwa tumeshaona mara kadhaa wanakokwenda mbwa wasio na kazi wala mpango.

Ndugu zetu wanaoishi Norwei na Finland, ambako matangazo ya safari za sleji huanza kubandikwa baridi ikikaribia, wana nafasi ya kufanya jambo dogo kabla ya kulipa. Waulize mbwa hukaa wapi kiangazi, hufunguliwa mnyororo mara ngapi, na wale waliofika miaka tisa au kumi wako wapi sasa. Mwenye banda zuri atawatajia mbwa mmoja mmoja kwa jina, na mwenyeji anayeishi naye. Mwingine atauliza kama mnalipa kwa kadi au taslimu.